Sindano Niliyoikataa

Sehemu ya sita

Wiki jana niliwaacha wodini, nimepakata kifurushi cha shuka jeupe kisicholia.

Aliyechelewa kuingia asihangaike, namfupishia. Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare za shule. Nimeolewa miaka minne na mwalimu wa udereva. Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi minane. Mtoto alinipiga mateke mpaka Jumanne. Jumatano akanyamaza. Ijumaa nikajifungua binti, ana kucha, ana nyusi, ana kila kitu isipokuwa pumzi.

Mama mkwe alitoa hukumu hata maziwa hayajanikauka. Cherehani! Kukanyaga cherehani kutwa nzima na mimba, alisema, ni kumtikisa mtoto mpaka akate tamaa ya kuja duniani.

Mume wangu alikuwepo. Aliinamisha kichwa.

Nami nikaamini. Wiki sita nzima niliamini kwamba nimemuua mwanangu kwa mguu wangu wa kulia.

Sasa sikilizeni.

Wiki ya saba nilirudi hospitali kuangaliwa. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Alinipima presha, akanipima sukari, akaandika.

"Daktari," nikamwambia, "cherehani inaua mtoto?"

Akavua miwani. "Nani kakwambia?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe kasomea wapi?"

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Palepale nikajiona mwizi, kana kwamba kicheko kile nimekiiba mahali.

"Mwanangu," akasema, "mtoto hufia tumboni kwa mambo mengi, na cherehani si mojawapo. Presha ya mama ikipanda bila kujulikana, ni hatari. Kisukari vilevile. Kuna kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati wake. Kuna kondo kuchoka, mtoto akakosa lishe, akadumaa humohumo. Au mimba ikapitiliza siku zake na mtu yuko nyumbani anangoja uchungu."

"Mimi presha sikuwa nayo."

"Hukuwa nayo. Na sukari yako ni safi. Sigara huvuti. Malaria hatukuiona. Wakati mwingine, nisikudanganye, tunatafuta sababu tunaikosa, mama anaondoka na swali lake." Akafungua faili. "Lakini wewe siku ile ya kujifungua nilikutoa damu. Na kondo nililipima, lilikuwa kubwa kupita kawaida, nikapeleka kipande maabara. Majibu yamerudi."

Akasoma karatasi. Akasoma kadi yangu ya kliniki. Akarudi kwenye karatasi.

"Hapa kwenye kadi wameandika ulipimwa kaswende mimba ikiwa changa. Ukaonekana huna."

"Ndiyo."

"Nani alikupima?"

"Wifi yangu. Ndiye wa maabara pale zahanati ya mtaani kwetu."

Nililisema hilo kwa majivuno kidogo, kama nilivyozoea. Wenzangu walipanga foleni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa napitia mlango wa nyuma, naitiwa kiti.

Daktari akaisukuma ile karatasi mbele yangu, ingawa alijua maandishi ya maabara siyaelewi. "Unayo, mwanangu. Na si ya jana wala juzi. Ndiyo iliyomchukua mtoto."

Nikaisukuma karatasi kurudi kwake.

"Mimi sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu," nikasema. "Hata siku moja. Hata kwa mawazo!"

"Sijakuuliza. Hapa siulizi nani katoka wapi, naangalia damu."

"Ina dawa?"

Hapo akaangalia pembeni. Nikajua jibu ni baya kabla halijatoka.

"Sindano ya penisilini. Dawa ya siku nyingi, ipo mpaka kwenye zahanati ndogo. Mama akichomwa mapema, dawa inavuka kondo, inamtibu na mtoto humo ndani. Wako angeweza kuishi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Huenda."

Hilo "huenda" mpaka leo nalala nalo kitanda kimoja.

Akanichoma siku ileile. Zingekuwa tatu, alisema, moja kila wiki, na nisithubutu kuruka hata moja, nikiruka naanza upya. Akanipa karatasi mbili za kuitia watu hospitali.

"Hii ya mumeo."

"Na hii?"

"Hii mumeo ampe anayemjua yeye."

Nilitoka nachechemea, paja linawaka moto. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja zahanati.

Adhuhuri ile wagonjwa walikuwa wamekwisha. Wifi alikuwa peke yake maabara, anaosha vioo vya darubini, redio inamwimbia. Huyu wifi ndiye aliyenipamba siku ya harusi. Ndiye aliyewahi kumwambia mama yake usoni, "Huyu ukimgusa umenigusa mimi." Nilikuwa nampenda kuliko kaka yake, na kaka yake alikuwa anajua.

"Karibu, wifi! Mbona unatembea kama umekanyaga kaa la moto?"

Nikaweka kadi juu ya meza. "Mwandiko huu wa nani?"

Akaangalia. "Wangu."

"Uliona nini kwenye kipimo, ukaandika nini kwenye kadi?"

Akafunga bomba. Akazima redio. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, taratibu, na mimi pale nikafa kabla hajasema. Mtu asiye na kosa hujibu haraka.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Uliona nini?"

"Niliona unayo."

Nikakaa.

Akamwaga yote. Kaka yake alimfuata wiki mbili kabla yangu, ana kidonda, ana aibu. Akamchoma yeye mwenyewe, mlango umefungwa. Kaka akaapa ataniambia.

"Ulipokuja kupima, damu yako ndiyo iliyoniambia kwamba hajakuambia. Nikampigia simu, nikamwambia mtoto yuko hatarini. Wifi, alilia! Mwanaume mzima, analia kama mtoto. Anasema ukijua utaondoka. Anasema mama presha itamuua. Andika hana, anasema, mimi nitamwambia mwenyewe Jumapili."

"Jumapili ngapi zilipita, wifi?"

Akaanza kuvipanga upya vile vioo.

"Nakuuliza, ngapi?"

"Lakini si nilikuja na sindano!" akalipuka. "Si nilikuja nyumbani kwako? Una miezi minne. Nikakwambia nikuchome ya kuongeza nguvu. Ukakataa!"

Nikakumbuka.

Alasiri moja alikuja na mkoba wake wa kazi. Akatoa sindano, akaijaribu hewani. Mimi sindano naziogopa tangu utotoni. Nikamwambia nguvu ninazo, tena za kukubeba wewe na mkoba wako. Tukacheka mpaka machozi. Akanywa chai, akafunga mkoba, akaenda zake.

"Ulisema ya nguvu," nikamwambia. "Hukusema ya uhai."

"Nilikuja mara ya pili. Nikakukuta umelala. Nikasimama mlangoni, nikarudi. Nikasema Mungu mkubwa, wapo watoto wanaotoka wazima."

"Wangapi umewaandikia hivi? Wanawake wote wanaokuja hapa?"

"Haki ya Mungu, wewe tu. Wengine wote nawaambia ukweli. Ndiyo kazi yangu."

Yaani mgeni wa barabarani akiingia pale anaambiwa ukweli wake na anachomwa dawa yake. Ndugu ndiye wa kuandikiwa uongo!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga hawakusema kifo cha nani.

Wifi alianza kulia. Nikachukua kadi yangu.

"Alikutajia mwanamke gani?"

Akatikisa kichwa. "Usiniulize hilo. Nimekukosea vya kutosha."

Mume wangu nilimkuta uwanjani kwao, pale wanafunzi wanapofundishwa kurudi nyuma kati ya mapipa. Nikasubiri mwanafunzi ashuke. Nikaingia mimi, nikakaa kwenye usukani. Yeye alikuwa kiti cha mwalimu, chenye breki yake ya pili.

"Leo unataka kujifunza?" akauliza, anatabasamu.

Nikamwekea karatasi kwenye paja.

Alisoma mstari mmoja. Tabasamu likakaa usoni bila mwenyewe.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Kila siku."

"Nilipokuwa nafua nguo za mtoto asiyekuja, ulitaka kuniambia? Mama yako aliponiita muuaji mbele yako, ulitaka?"

"Sikujua kwamba itafika kwa mtoto! Naapa. Nilidhani ni ugonjwa wa wakubwa."

"Dada yako alikuambia."

Nikaona mguu wake umekanyaga breki mpaka mwisho. Gari lilikuwa limezimwa, halikuwa linakwenda popote, naye amekaza goti kama tunateremka mlima.

"Sikutaka kukupoteza," akasema.

Mara ngapi nimesikia wanaume wanasema maneno hayo, watu wanawaonea huruma! Mimi nilisikia kitu kimoja tu. Kulikuwa na mizani, akaweka mtoto upande mmoja, aibu yake upande wa pili, akachagua.

Nikatoa karatasi ya pili. "Hii ni yake. Ni nani?"

"Achana naye. Yalishakwisha."

"Daktari anasema atibiwe. Ni nani?"

"Nitampa mwenyewe."

"Kama ulivyonipa mimi?" Kisha swali likanitoka bila kulipanga. Sijui lilitoka wapi. "Ana mimba?"

Akageuza uso dirishani.

"Ana mimba?"

"Ndiyo."

"Ya miezi mingapi?"

"Saba."

"Yako?"

"Sijui. Hata yeye hajui. Tafadhali, mumewe ni mtu mkali, usije ukaenda..."

Nilishafungua mlango. Aliniambia ana mume. Aliniambia miezi saba. Na wanawake wa miezi saba wanaojuana na mume wangu hawajazi hata kiganja. Mmoja nilimpima kwa futi yangu mwenyewe nikamshonea gauni la mimba, nikamwachia nafasi kiunoni ya kukua.

Tunamwita Kicheko. Kiwandani mashine yake na yangu zimepakana, bega kwa bega, miaka mitatu. Huyu mtu hata sindano ya mashine imwingie kidoleni anacheka. Mwanangu alipokufa ndiye pekee aliyenifanya nile.

Usiku ule nililala kwa mama yangu. Kesho yake asubuhi nikaenda kwake.

Nisijifanye malaika, nyinyi mmenijua tangu sehemu ya kwanza. Nilikwenda kumtemea mate. Ile karatasi ya daktari niliibeba kama kisingizio tu.

Akafungua mlango, tumbo mbele, miguu imevimba. Akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, mwenzangu. Mzee amelala." Mumewe ni mlinzi, huingia kazini jioni na mchana hulala nyuma ya pazia la chumba. "Karibu. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Juu ya kochi zilikuwa zimetandazwa fulana sita za kitoto. Nilizishona mimi. Nilimpa baada ya msiba, kwa sababu sikuweza kuziona kabatini.

Mate yakanikauka. Nikiwa njiani nilikuwa na hotuba ndefu. Mbele ya tumbo lile, hotuba ikayeyuka. Mle ndani kuna mtu ambaye hajamkosea mtu yeyote.

"Najua," nikanong'ona.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Kicheko hakucheka.

"Kakwambia?"

"Hakuniambia. Nimekutambua." Nikamnyooshea karatasi. "Chukua. Nenda leo. Una ugonjwa wa kumuua mtoto tumboni, ndio ulioniulia wangu. Sikuja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili yake."

Hakuipokea. Aliiangalia tu.

"Nilishachomwa," akasema.

Sikuelewa. "Ulichomwa nini?"

"Sindano. Wifi yako alinipima nilipoanza kliniki. Akaniambia palepale kwamba ninayo, na kwamba mtoto yuko hatarini. Nikachomwa."

"Ulikuwa na miezi mingapi?"

"Minne na kitu. Karibu mitano."

Nikahesabu. Mimi niliye mvivu wa hesabu, siku ile nilihesabu haraka kuliko mashine. Mimba yake ya karibu miezi mitano, yangu ya saba na nusu. Mwanangu bado anapiga mateke. Bado anashtuka mashine ikinguruma. Wakati bado upo!

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Mwenzangu..."

"Umekaa pembeni yangu unashona kola, mimi nashona mikono, tunapeana uzi. Umechomwa dawa ya kumwokoa wako. Na ulikuwa unajua wangu anakufa."

"Sikujua kama hujatibiwa! Nilidhani wifi yako..."

"Ulidhani. Ukauliza?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayana sauti, kwa sababu ya yule aliyelala.

"Ungeniambia tu neno moja," nikasema. "Kapime upya. Maneno mawili! Ungesema umeota. Ungesema umesikia redioni."

"Ungeniuliza kwa nini. Ningekuambiaje hilo bila kukuambia yote?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu hakuuawa na mtu mmoja. Watu watatu walikuwa na ufunguo wa mlango ule. Kila mmoja alimngoja mwenzake afungue.

"Na bado ukaja wodini," nikasema. "Siku mbili umenishika mkono. Umenilisha kwa kijiko. Moyo gani huo?"

"Nilikuja kwa sababu nilikuwa najua," akajibu. "Ningeendaje kazini nikacheka?"

Nikasimama niondoke. Nilikuwa nimemaliza. Kama ana dawa mwilini, mtoto wake atazaliwa, atalia, atavaa fulana zangu, na mimi sitakanyaga tena pale. Nilishashika komeo.

"Ngoja," akasema.

Sikugeuka.

"Zilikuwa tatu. Moja kila wiki."

Nikageuka.

"Nilichomwa mbili," akasema. "Ya tatu ilikuwa Alhamisi. Wewe ulikuwa wodini, uchungu wanakuanzisha. Sikwenda. Halafu mtoto wako... Nikaona aibu kurudi kwa wifi yako. Nikasema mbili zinatosha."

Nikaona uso wa daktari, na ule uzi mweusi kwenye miwani. Nisithubutu kuruka hata moja.

"Hazitoshi," nikasema. "Ukiruka unaanza upya."

"Nani kasema?"

"Aliyenipima mimi kasema." Nikamsogelea. "Anacheza?"

Akaweka kiganja tumboni. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza chini. Akaangalia ukuta kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali.

"Jana alicheza," akasema. "Jana asubuhi."

Jamani! Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mimi sikuwaza. Ningewaza, ningeondoka.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Nitamwambia nini huyu akiamka?"

"Vaa viatu!"

Akajaribu kuinama, tumbo likamzuia. Akajaribu tena, akashikilia kochi. Basi mimi nikapiga magoti. Nikamshika mguu ule uliovimba, wa mwanamke aliyelala na mume wangu, nikauingiza kwenye kiatu, nikafunga kamba. Nikauchukua wa pili.

"Samahani," akawa ananong'ona juu ya kichwa changu, "samahani, mwenzangu, ni sindano moja tu nilikosa, sindano moja tu..."

Nilikuwa bado nimepiga magoti, kamba iko mkononi, niliposikia pete za pazia zikisuguana na chuma.

Sauti ya kiume, nzito kwa usingizi, ikauliza nyuma yetu:

"Sindano gani?"